Kwale haipigi suti: jinsi viti vya wadi vinavyopatikana

Tarehe 9 Agosti 2022 maeneobunge manne ya Kwale yalichagua wabunge wanne wa vyama vinne. Msambweni ilimrudisha Feisal Bader kwa tiketi ya UDA. Lunga Lunga ikamchagua Mangale Chiforomodo wa UDM, Kinango ikamchukua Gonzi Rai wa PAA, na Matuga ikabaki na Kassim Tandaza wa ANC. Ugavana ukaenda UDA, kwa Fatuma Achani. Useneta na kiti cha mwakilishi wa wanawake vikaenda ODM, kwa Issa Boy na Fatuma Masito. Katika kura ya urais aliyeongoza Kwale ni Raila Odinga, mpinzani mkuu wa chama kilichotwaa ugavana.

Kwa hiyo anayeeleza siasa za Kwale kwa neno "wimbi" hajayatazama matokeo yenyewe. Viongozi wa vyama huja Ukunda na Kinango kila msimu wakihimiza watu wapige kura mtindo wa suti, chama kimoja kuanzia rais hadi diwani. Watu hushangilia, hupokea fulana, kisha huingia kituoni na kuzichukua karatasi sita kama maswali sita tofauti. Karatasi ya sita, ya diwani, ndiyo iliyo mbali zaidi na wimbi lolote. Wadi ni mahali ambapo mpiga kura anamjua mgombea kwa sura, anaijua mbari yake, anajua kama alifika kwenye matanga ya jirani, na anajua ni nani aliyepata basari mwaka jana na nani aliyekosa.

Uchambuzi mwingi wa uchaguzi huishia kwa gavana na mbunge. Matokeo ya wadi husomwa upesi na kusahaulika. Nadhani hilo ni kosa, kwa sababu bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya kaunti, ndilo linaloidhinisha mawaziri wa gavana, na ndilo lenye uwezo wa kuanzisha hoja ya kumng'oa. Pesa za mpango wa basari wa Elimu ni Sasa, visima vya Ndavaya, barabara za mashambani Dzombo, zahanati za Mwereni, yote hayo hupitia mikononi mwa madiwani. Basi inafaa kutazama kiti hicho kinapatikanaje, hatua kwa hatua, na hesabu zake zikoje.

Tuanze na uchaguzi ambao ulikuwa kama maabara ya yote yaliyofuata. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alifariki Machi 2020. Corona ikasitisha chaguzi ndogo nchini, na wakazi wakakaa bila mbunge hadi tarehe 15 Desemba mwaka huo. ODM ilimsimamisha Omar Boga. Jubilee, kwa ajili ya maelewano ya Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, na Raila, haikuweka mgombea. Kwa hesabu ya vyama, mambo yalikuwa yamekwisha: kiti kilikuwa cha ODM, na chama tawala kilikuwa kimesimama kando. Feisal Bader akaingia kama mgombea huru, akiungwa mkono na William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, na Salim Mvurya, wakati huo gavana. Matokeo: Feisal 15,251, Boga 10,444.

Tofauti ya kura 4,807 ilitangazwa kila mahali kama pigo kwa Raila na ishara ya 2022. Mimi naisoma kwa njia nyingine. Msambweni ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa 69,003. Mshindi alipata kura za asilimia 22 ya hao. Ukijumlisha kura za wagombea wawili wakuu unapata 25,695, yaani asilimia 37 ya daftari. Zaidi ya nusu ya waliosajiliwa Ukunda, Gombato-Bongwe, Kinondo na Ramisi hawakufika kituoni. Uchaguzi wa namna hiyo hushindwa na yule aliye na watu wa kuwatoa wapiga kura nyumbani, wadi kwa wadi, kijiji kwa kijiji. Jina la chama halimnyanyui mtu kitini saa nne asubuhi. Humnyanyua bodaboda aliyetumwa kwa jina, mzee wa mtaa anayepita mlangoni, binamu anayepiga simu mara ya tatu. Mgombea huru alikuwa na mtandao huo, na upande wa pili ulitegemea zaidi nembo.

Na kuwa mgombea huru si kazi nyepesi. Katiba inamtaka mtu huyo awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kupiga kura. Anayewania ubunge lazima aungwe mkono na wapiga kura 1,000 wa eneobunge lake, na anayewania udiwani wapiga kura 500 wa wadi yake. Sharti hilo la 500 lina faida ambayo wengi hawaioni. Anayelitimiza kwa dhati, kwa kuzunguka yeye mwenyewe, anakuwa ameshafanya nusu ya kampeni kabla kampeni hazijaanza.

Sasa tushuke kwenye wadi. Mwaka 2022 Kwale ilikuwa na wapiga kura 328,253 na wadi 20. Wastani ni wapiga kura 16,413 kwa kila wadi. Rais wa Kenya anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Gavana, mbunge na diwani hawahitaji chochote isipokuwa kumzidi anayewafuata. Achani alipata kura 59,674, na Profesa Hamadi Boga wa ODM 53,972. Pengo lilikuwa kura 5,702, na kura za mshindi ni asilimia 18 ya daftari la kaunti. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo; ndivyo mfumo ulivyo, na ushindi ni wake kwa haki.

Katika wadi kanuni hiyohiyo hukaza zaidi. Chukua wadi ya wastani yenye wapiga kura 16,413. Tuseme 10,000 wamejitokeza, na wagombea ni wanane, idadi ambayo si ngeni Kwale. Kura zikigawanyika, mtu aweza kushinda kwa 2,800. Hiyo ni asilimia 28 ya waliopiga na 17 ya waliosajiliwa. Mshindi wa namna hiyo hahitaji kuipendeza wadi nzima. Anahitaji vijiji vitatu au vinne vilivyoshikana, na wapinzani wasioelewana. Ndiyo maana wiki za mwisho za kampeni za wadi hazitumiki sana kuwashawishi wapiga kura. Hutumika kuwashawishi wagombea wengine: huyu ajiondoe, yule aendelee. Mgombea dhaifu anayetoka kijiji cha mpinzani ni mali, na wapo wanaogharamiwa fomu na fulana ili wasimame tu. Mpiga kura anayeona majina mengi kwenye karatasi na kudhani ni dalili ya demokrasia iliyokomaa aulize kwanza kila jina limetoka kijiji gani.

Wakati wa baraza la kaunti la zamani, kabla ya 2013, mpiga kura wa Kwale alikuwa na karatasi tatu: rais, mbunge na diwani. Diwani alikuwa karibu na macho. Tangu Machi 2013 karatasi ni sita, na ya diwani imefunikwa na nyingine tano. Mwaka 2022 ilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, na ilivyofifia rangi ndivyo ilivyofifia nafasi yake katika vyombo vya habari. Hata katika kuhesabu, kura za urais hufunguliwa kwanza. Zamu ya diwani hufika usiku umeshaingia, taa ya darasani ni moja, na makarani hawajalala tangu jana.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700. Kura zinapomalizika kuhesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 36A: kila mgombea amepata ngapi, kura zilizokataliwa ngapi, jumla ngapi. Mawakala hutia saini na kupewa nakala. Wakala akikataa kutia saini anapaswa kueleza sababu, lakini kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo. Kabla ya hapo, mgombea au wakala wake ana haki ya kuomba kura zihesabiwe upya, na hawezi kufanya hivyo zaidi ya mara mbili. Kisha nakala moja ya fomu hubandikwa mlangoni ili umma uione. Fomu za vituo vyote hupelekwa kwenye kituo cha kujumlishia cha eneobunge, zikajumlishwa katika Fomu 36B, na mshindi hupewa cheti, Fomu 36C.

Mwaka 2022 Wakenya walikesha wakizipakua Fomu 34A za urais kutoka tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, zikiwa zimetumwa kutoka kila kituo kwa kifaa cha kielektroniki cha KIEMS. Watu wa kawaida walijumlisha wenyewe nyumbani. Kwa diwani hapakuwa na mkesha kama huo wala jeshi kama hilo la wakaguzi. Ukweli wa matokeo ya wadi unakaa katika karatasi mbili: ile iliyo mkononi mwa wakala na ile iliyobandikwa mlangoni mwa shule.

Na mawakala wenyewe? Wadi ya wapiga kura 16,413, kwa kiwango cha juu cha 700 kwa kituo, ina vituo visivyopungua 24. Mgombea anahitaji mawakala 24 walioapa, wanaojua kusoma fomu, wanaolipwa, wanaolishwa, na watakaokaa hadi alfajiri bila kununuliwa. Katika wadi kubwa za bara kama Mackinnon Road au Puma, ambako kutoka kituo kimoja hadi kingine ni safari, gharama hiyo huwashinda wengi. Mgombea huru anaweza kuwa na watu katika vituo kumi vya kwao na asiwe na mtu katika vingine vyote. Halafu anashangaa asubuhi kwamba "kura zimeibwa", na hana karatasi hata moja ya kuonyesha kilichotokea kule ambako hakuwa na jicho.

Fikiria pengo la kura 60. Katika kituo kimoja karani aliyechoka ananakili 118 kama 18. Kura mia zimepotea, na mshindi amebadilika, bila mwizi yeyote. Makosa ya namna hiyo hugunduliwa kwa njia moja tu, kulinganisha 36A na 36B mstari kwa mstari, palepale kabla ya tangazo. Baada ya tangazo, mlango unaobaki ni mahakama. Kesi ya udiwani huenda kwa hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, ndani ya siku 28, kwa dhamana ya Sh100,000, na lazima iamuliwe ndani ya miezi sita. Rufaa huenda Mahakama Kuu, na huko hoja zinazosikilizwa ni za sheria tu. Kwa hiyo ushahidi wa idadi ya kura una nafasi moja, mbele ya hakimu, na asiye na nakala za fomu zake huingia mikono mitupu. Kwale inajua kwamba mahakama zaweza kurudisha watu debeni: Chirau Ali Mwakwere alinyang'anywa kiti cha Matuga alichoshinda 2007, ikabidi akipiganie upya katika uchaguzi mdogo wa Julai 2010, na akakipata.

Kuna hesabu nyingine inayofanyika baada ya madiwani kupatikana, na wapiga kura wengi hawajui kwamba kura yao ya wadi inahusika. Kifungu cha 177 cha Katiba kinasema wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti. Wadi zikichagua wanaume watupu, wote 20, bunge lazima lifike watu 30, yaani wanawake kumi waongezwe kutoka kwenye orodha za vyama. Wanawake wawili wakishinda wadi, nyongeza inashuka hadi saba. Wanawake saba wakishinda, wanaume wanabaki 13 kati ya 20, na kwa upande wa jinsia hakuna nyongeza yoyote inayohitajika. Hapo sijagusa viti vya makundi yaliyotengwa, vijana na watu wenye ulemavu, ambavyo vina orodha yake.

Viti hivyo vya nyongeza hugawiwa vyama kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda. Kwa hiyo ukimchagua diwani wa chama fulani, unakiongezea chama hicho nguvu ya kuleta mtu wa pili ambaye hukumwona kwenye karatasi. Ukimchagua mgombea huru, umempata yeye tu, kwa kuwa hana orodha. Silitaji hili ili kuwavunja moyo wagombea huru. Nalitaja kwa sababu mwananchi anastahili kujua kura yake inafanya kazi ngapi. Na kwa wale wanaolalamika kila mwaka kwamba madiwani wateule wanakula mishahara bure, dawa iko mikononi mwa wapiga kura wa wadi 20: wawachague wanawake debeni.

Lakini dosari kubwa kuliko zote haimo katika karatasi wala katika vyama. Imo katika ramani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale. Gawanya kwa wadi 20, unapata watu 43,341 kwa diwani mmoja. Kenya nzima ilikuwa na watu 47,564,296 na wadi 1,450, wastani wa 32,803. Diwani wa Kwale anawakilisha watu 10,500 zaidi ya diwani wa kawaida nchini. Kwa kipimo cha idadi ya watu peke yake, Kwale ingestahili wadi 26.

Mlinganisho na majirani ni mkali zaidi. Taita Taveta ina watu 340,671 na wadi 20, sawasawa na Kwale. Diwani mmoja huko anawakilisha watu 17,034. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kaunti hiyo ni mbuga ya Tsavo, na Katiba inaruhusu maeneo yenye watu wachache yapewe nafuu. Wala sipendekezi ndugu zetu wa Wundanyi na Voi wapokonywe chochote. Nasema tu kwamba mama wa Mwavumbo anamgawana diwani wake na watu wengi zaidi ya mara mbili na nusu ya mwenzake wa upande wa pili wa mpaka, ilhali maji ni shida pande zote mbili.

Ndani ya Kwale kwenyewe mgawo hauko sawa. Kwa takwimu za kaunti ndogo za sensa hiyo, Lunga Lunga ilikuwa na watu 198,423 katika wadi nne: karibu 49,600 kwa wadi. Matuga ilikuwa na 194,252, karibu idadi ileile, lakini ina wadi tano: Tsimba Golini, Waa, Tiwi, Kubo Kusini na Mkongani, wastani wa 38,850. Msambweni, wadi nne, 44,400. Kinango pamoja na Samburu, wadi saba, 42,350. Mtu wa Vanga au Dzombo, ambaye tayari yuko mbali na makao makuu ya kaunti, ana sehemu ndogo ya diwani kuliko mtu wa Tiwi aliye jirani na barabara kuu. Lunga Lunga ilizaliwa kwa kugawanywa eneobunge la zamani la Msambweni, wakati maeneobunge nchini yalipoongezwa kutoka 210 hadi 290. Wadi zilichorwa mwaka 2012, juu ya takwimu za sensa ya 2009, Kwale ilipokuwa na watu 649,931. Kaunti imekua kwa asilimia 33 katika miaka kumi, wakati nchi ilikua kwa 23. Ramani imebaki palepale.

Katiba inaitaka Tume ya IEBC ipitie mipaka kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Muda wa juu ulikwisha Machi 2024. Wakati huo tume haikuwa na hata kamishna mmoja, kwani waliosalia walimaliza muda wao Januari 2023 na wapya, chini ya Erastus Ethekon, hawakuapishwa hadi Julai 2025. Wakenya waliokuwa wakilumbana kuhusu nani anastahili kuwa kamishna hawakuona kwamba gharama ya malumbano hayo ilikuwa ikilipwa Kikoneni na Mwereni.

Ugumu ni kwamba sheria imeweka jumla ya wadi nchini kuwa 1,450. Kwale haiwezi kuongezewa wadi sita bila kaunti nyingine kupunguziwa, au bila Bunge kubadilisha sheria. Hiyo ni vita ya Nairobi, na wabunge wanne waliochaguliwa kwa tiketi za vyama vinne, pamoja na seneta, watapaswa kuipigana wakiwa kitu kimoja. Hadi sasa sijaona dalili kwamba wameianza.

Kazi ya wananchi ni nyingine. Tume itakapokuja kusikiliza maoni kuhusu mipaka, tusiende na malalamiko ya jumla kwamba Pwani imesahauliwa. Twende na tarakimu: 43,341 dhidi ya 32,803, Lunga Lunga dhidi ya Matuga, na majina ya vijiji vinavyotembea kilomita nyingi kufika ofisi ya wadi. Maoni yenye namba huandikwa katika ripoti. Kelele huishia ukumbini. Na uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Usiku huo, ewe mpiga kura wa Ramisi, wa Ndavaya, wa Ng'ombeni, usilale kabla ya kufika mlangoni mwa kituo chako na kuipiga picha Fomu 36A ikiwa na saini na muhuri. Peleka picha hiyo kwa mgombea wako hata kama ameshindwa.